Gari la mkandarasi, ghuba au kikundi cha kata: mtaa uchague huduma ipi ya taka?

Mtaa ukitangaziwa kwamba utaratibu wa taka unabadilika, swali la kwanza mkutanoni huwa la bei: shilingi ngapi kwa mwezi, na atakayekuja kukusanya ni nani. Ni haki ya mwananchi kuuliza hivyo. Lakini kuna swali linaloamua mengine yote na mara nyingi mkutano hufungwa bila kuulizwa: taka za jikoni zitakwenda wapi, na zitakaa nyumbani siku ngapi kabla ya kuondoka?

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kaya na kamati za mitaa za Dar es Salaam, ingawa mtu wa Mwanza, Arusha au Mombasa ataona mengi anayoyajua. Nitaanza na msimamo wangu, ili msomaji ajue ninakoelekea. Chagueni huduma inayochukua taka za jikoni peke yake, na inayozichukua mara nyingi kwa wiki. Ukubwa wa gari, jina la kampuni na sare za wafanyakazi vinakuja baadaye.

Mwaga chini pipa la nyumba ya kawaida ya Dar uone. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, ukoko wa wali, matumbo ya samaki, mashina ya mchicha. Vitu hivi kwa sehemu kubwa ni maji. Ndivyo vinavyonuka, ndivyo vinavyoita nzi na panya, na ndivyo vinavyolowesha maboksi na karatasi mpaka hakuna anayezinunua. Vikiondolewa mapema, kinachobaki ni kikavu na chepesi, na kinaweza kungoja wiki nzima bila kumuudhi jirani.

Tulikotoka

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuzoa taka Dar ilikuwa kazi ya Halmashauri ya Jiji peke yake, na jiji lilielemewa. Mwaka 1994 kata kumi za katikati ya mji zikakabidhiwa kampuni binafsi, Multinet Africa. Kuanzia 1998 utaratibu ukapanuliwa: makampuni mengine, vikundi vya akina mama na vya vijana wakapewa kata zao, wakaruhusiwa kutoza ada kwa wakazi moja kwa moja. Yule mtu wa ada anayegonga geti mwisho wa mwezi alizaliwa katika mabadiliko yale.

Upande wa dampo historia ni chungu zaidi. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulalamikia moshi, harufu na nzi. Walishinda, lakini jiji liliendelea kuomba muda, na dampo lile likafungwa mwaka 1991. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa mwa jiji. Nakumbusha hili kwa sababu lina uzito kwenye ada yako. Lori linalojaza taka Bunju au Tegeta na kuzimwaga Pugu linakata jiji zima, kwenye foleni, likiwa limebeba maji ya matango na maganda ya tikiti. Dizeli ya safari hiyo ni fedha ya wakazi.

Sheria nayo haipo kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Kwa hiyo kamati inayodai huduma yenye kutenganisha taka haiombi upendeleo wowote.

Gari la mkandarasi

Hii ndiyo huduma ambayo wengi wameizoea. Kila kitu kinaingia kiroba kimoja, kiroba kinawekwa nje ya geti, gari linapita siku yake. Faida yake kubwa ni kwamba haimdai mtu kitu zaidi ya ada. Mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, mfanyakazi anayetoka saa kumi na moja alfajiri, wote inawafaa. Inabeba pampasi, inabeba godoro bovu ukielewana na vijana wa gari, na kisheria yupo mtu wa kumlalamikia, kwa kuwa mkandarasi ana mkataba na halmashauri.

Katika mitaa iliyopimwa, yenye barabara za kupita lori, kama Mikocheni au sehemu kubwa ya Mbezi Beach, huduma hii inafanya kazi vizuri kiasi. Ukienda Manzese, Tandale au Buguruni, lori linaishia barabara kuu. Kutoka mlangoni hadi barabarani kazi inafanywa na guta au mkokoteni, na mara nyingi mwenye guta analipwa pembeni, juu ya ada ambayo mkazi ameshailipa.

Udhaifu wake mkubwa ni ratiba. Kwa joto la Dar, maganda ya embe yaliyofungwa ndani ya kiroba siku saba yanakuwa yameoza. Gari likiharibika, au mvua za masika zikiigeuza njia ya dampo kuwa tope, wiki moja inakuwa mbili. Mbwa wanachana viroba usiku. Kuna mtu ataona bora atupe kwenye mfereji, na mvua ya kwanza itampelekea jirani wa bondeni zawadi hiyo pamoja na mafuriko. Mkandarasi atalaumiwa, na mara nyingine ni haki alaumiwe, ila sababu ya msingi ni kwamba taka inayooza ndani ya siku mbili imepangiwa gari la wiki.

Ghuba

Ghuba, au kontena la mtaa, lina urahisi mmoja tu: lipo saa zote. Unapeleka taka ukiwa na nafasi, na ada yake huwa ndogo. Kwa wapangaji wanaobadilisha zamu za kazi hilo si jambo dogo.

Pamoja na hayo sipendekezi ghuba kwa taka za kaya, labda mtaa uwe hauna njia nyingine. Anayebeba ndoo kwenda ghubani kwa kawaida ni mtoto, naye huimwaga pale mkono wake unapofikia, yaani nje. Mama lishe na wauza matunda wa jirani nao huliona, na kwa haki yao wanahitaji pa kumwaga. Likishajaa, kuna atakayelitia moto. Mzigo wote huo unaangukia nyumba tano au sita zilizo karibu, ambazo hazikuulizwa lilipowekwa. Kama mtaa tayari una ghuba na unataka kubaki nalo, lipewe msimamizi anayelipwa, siku maalumu za kuondolewa taka, na soko lipewe lake mbali na la kaya. Bila mambo hayo matatu ni dampo dogo tu katikati ya makazi.

Kikundi au ushirika wa kata

Njia ya tatu ndiyo ngeni kwa wengi. Mfano unaofahamika Dar ni wa kata ya Bonyokwa, ambako asasi ya Nipe Fagio ilisaidia kuanzisha ukusanyaji wa mlango kwa mlango wenye kutenganisha taka nyumbani, na wakusanyaji wenyewe wakajiunga katika ushirika. Zinazooza zinageuzwa mboji humo humo katani. Chupa, makopo, vyuma na maboksi vinapangwa na kuuzwa. Kinachopelekwa dampo ni masalia tu.

Uzuri wa kwanza ni kwamba taka za jikoni haziendi safari ndefu. Zikishafika kituo cha kata zinakuwa zimefika, kwa hiyo guta au bajaji ya mizigo inatosha, na chombo kidogo kinaweza kupita mara tatu kwa wiki hata kwenye vichochoro. Uzuri wa pili ni watu. Mkusanyaji anayepita kila baada ya siku mbili anazijua nyumba, anajua wapi pana mgonjwa na wapi mpangaji amehama. Ukiwa na jambo unamwita kwa jina lake, "kaka, leo ndoo yangu umeiruka," na linaisha hapo hapo bila barua ya mtendaji. Nimeona malalamiko yakimalizwa getini namna hiyo, na kwangu hiyo ni sehemu ya huduma kama ilivyo guta lenyewe.

Ugumu wake nao ni wa kweli, na anayeinadi njia hii bila kuusema anawapoteza wenzake. Unahitaji eneo. Ardhi Dar ni ghali, na ukitamka "kituo cha taka" mtaani majirani wanasikia "dampo". Mboji iliyotunzwa vizuri, yenye majani makavu ya kutosha na inayopinduliwa, hainuki kama dampo, ila iliyotelekezwa inanuka, na majirani wana haki ya kudai uhakika kabla ya ujenzi. Kikundi chenye chombo kimoja kinasimama siku chombo kikipasuka tairi. Na elimu haiishi: wapangaji wanahama, na anayehamia hajui kwamba betri na vipande vya chupa havichanganywi na maganda. Kipande kimoja cha kioo ndani ya mboji kinamkimbiza mkulima wa mchicha, na hakuna atakayemrudisha kwa maneno.

Zaidi ya hayo, ushirika haujitoshelezi. Masalia lazima yapelekwe Pugu, na hilo linahitaji lori la halmashauri au la mkandarasi. Kata ikiingia njia hii bila halmashauri kuahidi kwa maandishi siku za lori la masalia, viroba vya pampasi vitarundikana kituoni na mradi mzima utapata jina baya.

Mkandarasi analipwa kwa kipi?

Hapa nawaomba wajumbe wa kamati wakae zaidi, maana ndipo huduma inapoharibika kimyakimya.

Zipo njia mbili kubwa za kumlipa mzoaji. Ya kwanza ni kwa tani: gari linapimwa uzito dampo na analipwa kadiri alivyoleta. Inaonekana ya haki, lakini mtazame anayelipwa hivyo. Taka za jikoni zenye maji ndizo nzito, kwa hiyo ndizo zenye fedha kwake. Ukimwambia wakazi wameanza kutengeneza mboji, umemwambia mapato yake yanashuka. Hatakupinga hadharani, ila hatakusaidia.

Ya pili ni kwa kaya. Analipwa kiasi kilekile kwa kila nyumba, iwe imetoa kiroba kimoja au vitatu. Huyu taka zikipungua anafurahi, dizeli imebaki mfukoni. Tatizo lake liko kwingine. Kama ada anaikusanya mwenyewe mlangoni, nyumba isiyolipa ataipita. Taka za nyumba hiyo hazitoweki, zinaibukia korongoni. Ndiyo maana ni bora ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, halmashauri imlipe mzoaji kwa idadi ya nyumba zilizo katika eneo lake, na wasiolipa washughulikiwe na mtendaji kwa sheria ndogo. Katika mpango huo mzoaji anabaki na kazi moja, kuzoa.

Kuna fedha nyingine ambayo mikataba mingi haiitaji: thamani ya vinavyouzwa. Chupa za maji, vyuma chakavu na maboksi makavu vina wanunuzi Dar, na waokota makopo wamekuwa wakivichambua kwa miaka mingi bila mkataba wala glavu. Huduma mpya ikija na kuamua kwamba chupa zote sasa ni mali ya kampuni, imewanyang'anya watu hao ugali wao. Ushirika una nafasi ya kuwaingiza ndani kama wanachama, na kwangu hiyo ni sababu nzito ya kuupa kura. Kamati ikimchagua mkandarasi, iandike wazi kwamba waokotaji waliopo mtaani watapewa kazi kwanza.

Jambo la kujifunza Nairobi

Wenzetu wa Kenya wamelianza suala hili kwa sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na inazitaka kaunti zijenge vituo vya kuchambulia. Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaagiza taka zinazooza ziwekwe katika mifuko inayooza yenyewe, ikatoa siku 90. Pamoja na hayo yote, mzigo mkubwa wa Nairobi bado unaishia Dandora, dampo lililoanza kutumika katika miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001.

Agizo la kutenganisha linadumu pale tu gari nalo linapotenganisha. Mama akimwona kijana wa taka akizitupa ndoo zake mbili kwenye gari moja, kesho atatumia ndoo moja, na hatakuwa na kosa. Kabla ya kukubali huduma yoyote inayojinadi kuwa ya kutenganisha, kamati iombe kuliona gari. Lina sehemu mbili zilizotengwa ndani? Kama halina, siku zimegawanywa? Njia ya siku ni nafuu kuliko zote: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi za jikoni, Alhamisi vikavu, kwa chombo kilekile.

Nyumbani unaweza kumaliza kiasi gani

Wapo wanaosema hawahitaji huduma, watafukia wenyewe. Kwa mwenye kiwanja Kinyerezi au Goba, chenye miti na kuku, inawezekana kwa taka za jikoni. Shimo la mboji lenye kivuli, tabaka la maganda likifuatwa na tabaka la majani makavu au maranda ya mbao, likipinduliwa kila baada ya siku kadhaa, linatoa mboji ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Nyama na samaki visiingie juu juu. Vifukiwe chini kabisa, la sivyo utawaalika panya. Wengine wanafuga funza wa nzi mweusi, ambao hula maganda kwa wiki mbili hivi kisha wao wenyewe wanakuwa chakula cha kuku. Ni kazi ya mtu anayeipenda, kwa mwenye haraka haifai.

Kwa anayeishi ghorofani Kariakoo au kwenye nyumba ya kupanga vyumba sita Sinza, habari hii haimhusu. Kwake ndoo ya lita kumi yenye mfuniko, ile iliyokuwa ya rangi, ikitandikwa gazeti chini, inatosha kwa siku mbili. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 watu wengi wanauliza taka watie ndani ya nini. Za jikoni hazihitaji mfuko kabisa. Zinamwagwa moja kwa moja kwenye pipa la mkusanyaji, ndoo inasuuzwa, inarudi ndani.

Nani achague nini

Mtaa wa vichochoro, nyumba zilizobanana, wapangaji wengi: kikundi cha kata, hata kama kwa kuanzia hakina kituo chake. Taka za jikoni zinaweza kupelekwa kwa anayezihitaji. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, na wafugaji wa pembezoni nao huchukua makombo. Lori haliwezi kuingia katika mitaa hii na halitaweza karibuni, hivyo kulipia lori ni kulipia kitu kinachoishia barabarani.

Mtaa uliopimwa, nyumba zenye mageti, kipato cha kutosha: bakini na mkandarasi, ila badilisheni mkataba. Ombeni siku mbili au tatu za taka za jikoni na moja ya vikavu badala ya siku moja ya mchanganyiko. Mkandarasi atasema gharama itapanda. Mwambieni aje na hesabu ya safari za Pugu kabla na baada, kwa sababu viroba vikavu vinakaa mpaka lori lijae kweli.

Maghorofa ya katikati ya mji ni suala la mwenye jengo kuliko la mtaa. Sehemu ya chini iwe na mapipa mawili yenye mifuniko, na mlinzi alipwe kidogo kuyasimamia. Kata mpya za milimani, ambako korongo liko nyuma ya kila nyumba, ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Kule hata wiki mbili za huduma kusuasua zinatosha kulijaza korongo, na hakuna anayekuja kulizoa baadaye. Hapo mara ngapi kwa wiki ni muhimu kuliko nani.

Kisha pampasi. Hakuna anayezinunua, hakuna mboji inayozikubali, na katika nyumba yenye watoto wawili ni sehemu kubwa ya kinachobaki baada ya kutenganisha. Kila anayekuja kuomba kazi ya mtaa aulizwe waziwazi: pampasi utazichukua siku gani, utazipeleka wapi, na lori la nani. Asiye na jibu hajajipanga.

Mkishaamua kujaribu kikundi, anzeni na shina moja au mawili, nyumba mia moja hivi, huku mkataba wa zamani ukiendelea kwa mtaa uliobaki. Hesabuni malalamiko na viroba vinavyokwenda dampo kila wiki, kwenye daftari moja linalokaa ofisi ya mtaa. Anzeni Januari au Februari ili vijana wawe wameizoea kazi kabla ya Machi, na mkandarasi wa zamani asiondolewe mpaka kikundi kimepita masika moja bila kusimama.